Historia ya Kuonyesha Mikusanyiko kwa Kamera Nyingi, na Amana ya Mwenye Kuchagua Picha

Tangu zama za kale mwanadamu amependa kujua yaliyotendeka mahali asipokuwapo. Kwa ajili hiyo alimtegemea mjumbe. Mjumbe akiwa mkweli, habari yake ilipokewa. Akiwa mwongo au msahaulifu, ilirudishwa. Wanazuoni wa Kiislamu walilitambua jambo hili mapema, wakaweka elimu nzima ya kuwachunguza wapokezi wa habari: fulani amepokea kwa nani, je, alikuwapo au hakuwapo, na hifadhi yake ni imara au ni dhaifu.

Katika zama hizi mjumbe mwingine ameingia majumbani mwa watu, Buyenzi na Bwiza, mjini na mashambani, naye ni picha ya televisheni. Mjumbe huyu huaminiwa kuliko wote waliomtangulia, kwa kuwa mtazamaji husema, “Nimeona kwa macho yangu.” Kauli hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Aliyeketi mbele ya televisheni huona kwa macho yake kile tu ambacho mtu mwingine amekwisha kumchagulia. Basi yafaa ijulikane mtu huyo ni nani, kazi yake ilianzaje, iliingiaje katika nchi hizi, na ni amana gani iliyo shingoni mwake.

KAZI YENYEWE ILIVYO

Mkusanyiko mkubwa, kama vile mchezo wa mpira, kuapishwa kwa kiongozi au sala ya Idi, hauwezi kuonekana wote kwa kamera moja. Kamera ikisimama mbali huonyesha umati, lakini nyuso hazijulikani. Ikisogea karibu huonyesha uso mmoja, na umati ukapotea. Kwa hiyo huwekwa kamera tatu, tano, kumi au zaidi, kila moja mahali pake na kwa kazi yake: hii yatazama uwanja wote kutoka juu, hii yamfuata mwenye kusema, na ile yawatazama wasikilizaji.

Picha za kamera zote hupelekwa kwa waya, au kwa mawimbi ya redio, mpaka katika chumba kimoja au katika gari kubwa lililoegeshwa nje ya uwanja. Humo huketi mwongozaji. Mbele yake pana vioo vingi vidogo, kila kioo na kamera yake, na kioo kimoja kikubwa kinachoonyesha picha inayokwenda kwa watu wakati ule ule. Masikioni mwa kila mpiga picha pana visikizio, na sauti ya mwongozaji humfikia popote aliposimama. Mwongozaji husema kwanza, “Kamera ya pili, tayari,” kisha husema, “Ya pili!”, na msaidizi aliye kando yake hubonyeza kitufe. Papo hapo taa nyekundu huwaka juu ya kamera ya pili, na mpiga picha wake hujua kwamba nchi nzima yatazama kupitia lenzi yake; basi hatikisiki wala hageuki ovyo.

Wako na wengine ambao kazi haitimii pasipo wao. Fundi wa sauti huchunga maneno yasikatike, kwa kuwa picha yaweza kubadilika mara kumi katika dakika moja, lakini sauti ya mwenye kusema lazima iende mfululizo kama mto. Fundi wa rangi hulinganisha kamera zote, ili kanzu iliyo nyeupe katika kamera moja isiwe ya manjano katika nyingine. Tena iko kanuni inayowashangaza wengi: katika mpira, kamera zinazofuata mchezo huwekwa upande mmoja wa uwanja. Lau picha ingerukia upande wa pili ghafula, timu iliyokuwa ikishambulia kuelekea kulia ingeonekana yakimbilia kushoto, na mtazamaji angedhani wachezaji wamegeuka kufunga goli lao wenyewe.

Katika saa moja mwongozaji huweza kuchagua mara mamia. Na kila achaguapo picha moja, amekwisha kuziacha nyingine zote. Hana nafasi ya kufuta wala ya kuandika upya, lililokwenda limekwenda. Hapo ndipo uzito wa kazi hii ulipo.

MWANZO WAKE

Mwaka 1936 michezo ya Olimpiki ilifanyika mjini Berlin, na baadhi yake ikaonyeshwa kwa televisheni katika kumbi za umma, kwa kuwa ni watu wachache mno waliokuwa na chombo hicho nyumbani. Serikali ya Hitler ndiyo iliyokuwa na amri. Tangu siku zile za mwanzo kabisa ikaonekana kwamba picha ya mkusanyiko yaweza kutumika kuwapendezesha watawala machoni pa watu.

Huko Uingereza, shirika la BBC lilianza matangazo yake ya kila siku ya televisheni mwezi wa Novemba 1936. Tarehe 12 Mei 1937, siku ya kutawazwa Mfalme George wa Sita, kamera 3 ziliwekwa Hyde Park Corner mjini London, na msafara wa mfalme ukaonyeshwa ukipita katika mvua. Picha zilikwenda kwa waya maalumu mpaka Alexandra Palace, na kutoka huko zikarushwa hewani. Ndani ya kanisa kamera za televisheni hazikuruhusiwa.

Miaka 16 baadaye alitawazwa binti yake, Elizabeth, ambaye habari ya ufalme ilikuwa imemkuta akiwa Kenya, mwezi wa Februari 1952. Safari hii palitokea mabishano makubwa. Wakubwa wa serikali, naye Waziri Mkuu Churchill miongoni mwao, hawakupenda kamera ziingie kanisani Westminster. Mwishowe zikaruhusiwa kwa masharti. Sharti moja lilikuwa kwamba tendo la kupakwa mafuta, ambalo kwao ni takatifu kuliko yote, lisionyeshwe. Na tarehe 2 Juni 1953 ilipofika saa ya tendo hilo, halikuonyeshwa. Sharti jingine lilikuwa kwamba kamera zisimsogelee malkia mno. Peter Dimmock, aliyeongoza matangazo ya ndani ya kanisa, alisimulia mwenyewe baadaye kwamba siku ya majaribio aliwaonyesha wakubwa lenzi ya kutazama mbali, na siku yenyewe akatumia lenzi ya kuvuta karibu. Watu zaidi ya milioni 20 walitazama nchini Uingereza, wakafurahi kuuona uso wa malkia wao kwa karibu, na hila ile ikasahauliwa kwa ajili ya uzuri wa picha. Lakini mwenye kupima mambo kwa mizani ya haki ataona kwamba katika siku moja yalitendeka mawili: sharti moja la wenye shughuli lilitimizwa, na la pili likavunjwa.

Jambo jingine la kuzingatiwa lilitukia Marekani tarehe 7 Desemba 1963, katika mchezo wa mpira wa Kimarekani baina ya jeshi la nchi kavu na jeshi la majini. Mwongozaji Tony Verna alikuwa ameandaa mashine ya kurudisha picha mara tu baada ya tendo kupita. Mchezaji wa jeshi la nchi kavu alipofunga, tendo lile likarudishwa hewani punde hivi. Ikambidi mtangazaji awaambie watazamaji kwamba hayo si mapya, na kwamba timu ile haikufunga tena. Watu walikuwa hawajapata kuona jambo lililopita likirejea kana kwamba latendeka sasa. Leo marudio yamezoeleka hata watoto huyajua, lakini asili yake yakumbusha kwamba picha isiyoelezwa yaweza kumdanganya mtazamaji hata kama haina uongo ndani yake.

Tarehe 25 Juni 1967 nchi 14 zilishirikiana, kwa njia ya setilaiti, kuonyesha matukio yao kwa ulimwengu katika matangazo mamoja. Kutoka Afrika ilikuwamo Tunisia peke yake. Setilaiti hizo ni vyombo vilivyowekwa angani, umbali wa kilomita karibu 36,000 juu ya ardhi, navyo hupokea picha upande mmoja wa dunia na kuiteremsha upande wa pili kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho.

KUFIKA KATIKA NCHI HIZI, NA USIKU WA KINSHASA

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na jirani ya magharibi, Kongo, mwaka 1966. Unguja ilipata televisheni mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi wakati ambapo nchi nyingi kubwa zilikuwa bado na nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara ilikawia mpaka mwaka 1994.

Tukio lililoifanya Afrika ya kati itazamwe na ulimwengu mzima lilikuwa pambano la ngumi baina ya Muhammad Ali na George Foreman, mjini Kinshasa, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Pambano lilikuwa lifanyike mwezi wa Septemba 1974, lakini Foreman alichanika juu ya jicho katika mazoezi, likaahirishwa mpaka tarehe 30 Oktoba. Likapigwa saa kumi ya usiku katika Uwanja wa 20 Mei. Saa hiyo ya ajabu haikuchaguliwa kwa ajili ya watu wa Kinshasa. Ilichaguliwa ili Marekani, ambako usiku ulikuwa bado haujakwenda sana, watu waketi katika kumbi za sinema na kutazama kwa raha zao. Hapo yaonekana nguvu nyingine ya kamera: haionyeshi mkusanyiko tu, bali huweza kuubadili, hata watu maelfu wakakesha ili wengine wasikose usingizi.

Pambano lenyewe lilikuwa mtihani kwa wenye kuonyesha. Ali aliegemea kamba za ulingo, akajikinga kwa mikono, akamwacha Foreman apige mpaka achoke. Aliyetazama kutoka mbali aliona mtu anayepigwa, akaamini kwamba mambo yamekwisha. Aliyetazama kutoka karibu aliona kwamba Ali alikuwa akimsemesha mwenzake, macho yake yamefunguka, na akili yake iko pamoja naye. Picha ya mbali peke yake ingesema “anashindwa”, na ya karibu peke yake ingeficha kwamba amebanwa kambani. Ukweli ulikuwa katika picha zote mbili pamoja. Katika raundi ya 8 Foreman alianguka, na ubingwa ukarejea kwa Ali.

Bujumbura haikuwa na televisheni yake mwaka ule. Redio, iliyoanza tangu mwaka 1960 mji ukiitwa bado Usumbura, ndiyo iliyokuwa sikio la nchi.

BUJUMBURA YAPATA KUONA

Televisheni ya taifa ya Burundi ilianza mwaka 1984, ikawa chini ya shirika moja na redio ya taifa, nalo ni RTNB. Tangu hapo sherehe za taifa, hotuba na michezo vikaanza kuonekana majumbani, na neno “mwongozaji” likapata maana mpya nchini.

Miaka 12 baadaye nchi ilipata siku ambayo haitasahauliwa. Tarehe 25 Julai 1996 yalitokea mapinduzi, na kabla mwezi haujaisha nchi jirani zikaamua kuiwekea Burundi vikwazo. Katika siku hizo za dhiki, tarehe 3 Agosti, Vénuste Niyongabo alishinda mbio za mita 5,000 katika Olimpiki ya Atlanta na kupata medali ya dhahabu. Ilikuwa mara ya kwanza Burundi kushiriki michezo hiyo, na medali yake ya kwanza kabisa.

Katika michezo ya namna ile, picha hutengenezwa na kundi moja tu kwa ajili ya ulimwengu wote. Kila nchi huipokea picha ile ile na kuongeza sauti ya mtangazaji wake. Mbio za mita 5,000 ni mizunguko 12 na nusu ya uwanja, na mwongozaji hutakiwa kuamua kila mara: amfuate aliye mbele, au aonyeshe pengo, au awatazame wanaovizia nyuma. Kamera zilimwona Niyongabo akiwatangulia Paul Bitok wa Kenya na Khalid Boulami wa Morocco. Lakini liko jambo ambalo hakuna kamera iliyoweza kulionyesha katika mbio zile: Niyongabo alikuwa hodari zaidi katika mita 1,500, naye nafasi ile alimwachia Mrundi mwenzake, Dieudonné Kwizera, aliyekuwa amengoja miaka mingi apate kukimbia katika Olimpiki. Tendo hilo la ihsani lilihitaji msimulizi. Picha huonyesha mkono uliopokea medali. Haionyeshi moyo uliotoa.

Siku nyingine ilikuwa tarehe 23 Machi 2019, Burundi ilipocheza na Gabon mjini Bujumbura, katika uwanja uliokuwa ukiitwa kwa jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Burundi ilihitaji sare tu ili ifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Mataifa ya Afrika. Cédric Amissi akafunga katika kipindi cha pili. Kisha Gabon wakasawazisha kwa goli ambalo mlinzi wa Burundi alijifungia mwenyewe. Mchezo ukaisha 1 kwa 1, na mji ukalipuka kwa furaha.

Na wafikiri wenye kuifanya kazi hii: mtu akijifunga goli mbele ya taifa lake, kamera ikae usoni pake muda gani? Sekunde moja ni habari. Sekunde 10, pamoja na marudio matano, ni adhabu. Hakuna sheria ya nchi inayosema lolote juu ya hilo. Ni dhamiri ya mwongozaji peke yake. Kumsitiri mwenzako aliyeteleza ni adabu inayojulikana Buyenzi kabla ya kamera yoyote kuingia.

Mji huu umeonja pia kukosa macho. Mwezi wa Mei 2015, katika jaribio la kupindua serikali, palipiganiwa kituo cha taifa, na vituo kadhaa vya watu binafsi, vya redio na cha televisheni, vikashambuliwa na kunyamaza. Nafasi yao ikajazwa na uvumi. Aliyeishi siku zile hahitaji kuelezwa thamani ya mjumbe mwaminifu.

PICHA KUTOKA MAKKA

Saudi Arabia ilianzisha televisheni mwaka 1965, zama za Mfalme Faisal, pakiwa na upinzani mkali hata damu ikamwagika Riyadh. Leo sala za Msikiti Mtukufu wa Makka huonekana mchana na usiku. Makka iko saa moja mbele ya Bujumbura. Mtu wa Buyenzi aweza kuwaona watu wakitufu Al-Kaaba kabla hajatoka kwenda msikitini kwake. Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, ibada ya Hija iliachiwa mahujaji wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudia. Waislamu wengine wote, pamoja na waliokuwa wametia nia mwaka ule, hawakuwa na njia ya kuuona uwanja wa Arafa ila kwa picha.

Mwenye kuangalia matangazo hayo kwa makini hujifunza ufundi uliotulia. Picha hazibadilishwi kwa haraka kama za mpira. Kamera ya juu huonyesha duara la watu likizunguka, kisha hukaa. Utulivu wa ibada ndio unaoongoza mkono wa mwenye kuchagua, wala si mkono wake unaoivuruga ibada.

AMANA

Zamani kazi hii ilihitaji magari makubwa na mafundi wengi. Leo meza ya kuchagulia picha yaweza kubebwa kwapani, simu tatu zaweza kuwa kamera tatu, na harusi, Maulidi au sala ya Idi yaweza kufikishwa kwa jamaa walio Ulaya na Ghuba kwa njia ya intaneti saa ile ile. Kazi iliyokuwa ya mashirika ya serikali imeangukia mikononi mwa vijana wa mtaa. Basi mambo manne yafaa yashikwe nao, na jumuiya zao ziwasimamie.

La kwanza ni kuijua shughuli kabla ya kuionyesha. Asiyejua ni lini imamu atarukuu atachelewa kila mara, na kamera yake itaonyesha mahali ambapo jambo limekwisha kupita.

La pili ni kuafikiana na wenye shughuli juu ya yasiyofaa kuonyeshwa, kisha kuyatimiza. Upande wa wanawake, uso wa aliyefiwa, mtu aliye katika dua yake: hayo yana heshima. Na mapatano yaliyofanywa siku ya majaribio yasivunjwe kwa lenzi ndefu siku yenyewe.

La tatu ni kutopunguza wala kutozidisha. Watu 50 wakionyeshwa kwa karibu huonekana 500, na watu 5,000 waweza kufanywa wachache kwa kuelekeza kamera penye nafasi tupu. Kwa hiyo katika kila shughuli ionyeshwe picha ya mbali iliyo ya haki, ili mtazamaji apime mwenyewe. Na la zamani lisionyeshwe kana kwamba ni la sasa.

La nne ni kuhifadhi. Picha iliyokwenda hewani ni moja tu kati ya nyingi; zile zilizoachwa nazo ni ushahidi. Yawezekana mzee aliyekaa pembeni, ambaye kamera ya tatu ilimwona na mwongozaji akampita, ndiye ambaye wajukuu zake watamtafuta baada ya miaka 30. Kwa hiyo picha za kamera zote zihifadhiwe, ziandikwe tarehe na mahali, ziwekwe mahali pawili. Jumuiya isiyohifadhi picha zake itasimuliwa historia yake na watu wengine.

Mwenye kuketi mbele ya vioo vingi amepewa macho ya watu wasiokuwapo: mgonjwa aliye kitandani, msafiri aliye ng’ambo, mama aliyebaki na watoto. Hao wote hawawezi kugeuza shingo kutazama upande mwingine. Yeye ndiye shingo yao. Mwenyezi Mungu awajaalie wenye kazi hii ukweli wa jicho na utulivu wa mkono, na awajaalie watazamaji busara ya kukumbuka kwamba nje ya kila picha waliyoonyeshwa ziko nyingine ambazo hawakuziona.